Anayesimama badala ya mtoto mbele ya kamera, na kwa nini Kasongo na Kabambare zinamhitaji

Mwenye kuangalia filme huku Kasongo, iwe kwenye nyumba ya video au kwenye simu ya rafiki, anawajua watoto wa filme kuliko anavyowajua waliozitengeneza. Wale wawili waliocheza na marehemu Steven Kanumba wa Tanzania, waliojulikana kwa majina ya Jennifer na Patrick katika filme kama Uncle JJ na This Is It, walilia na watu wakalia nao. Ni wachache waliojiuliza kama mtoto yule alisimama chini ya taa saa ngapi kabla ya kulia.

Onyesho la dakika 1 linaweza kula saa nzima ya matayarisho, mara nyingine zaidi. Taa zinapangwa, zinapanguliwa, zinapangwa upya. Kamera inasogezwa mbele hatua mbili, inarudishwa moja. Fundi wa sauti anasikia jogoo wa jirani, anaomba watu wasubiri. Muda wote huo lazima kuwe na mwili mahali ambapo mtoto atasimama, kwa sababu taa haipimwi juu ya hewa tupu.

Katika nchi ambamo televisheni ni kiwanda chenye sheria, mwili huo mara nyingi si wa mtoto. Ni wa mtu mzima mfupi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu. Anasimama, anakaa, anageuza uso upande wa dirisha, anatembea mpaka kwenye alama ya utepe iliyobandikwa chini. Mafundi wakimaliza, yeye anatoka na mtoto anaingia. Sura yake haionekani hata mara moja. Watengeneza filme wanaotumia Kifaransa, kama wengi wa kwetu, wanamwita doublure lumière. Hapa tumwite mshika nafasi, maana kazi yake ni kushika nafasi ya mtoto mpaka zamu ya mtoto ifike.

Msomaji wa Maniema ya kusini anaweza kusema: hayo yanatuhusu nini, sisi ambao hatuna hata studio moja ya televisheni ya kutengeneza michezo? Yanatuhusu kwa sababu kamera zinafika. Zinafika na waandishi wa habari, na mashirika ya misaada, na vijana wetu wenyewe wanaotengeneza michezo mifupi ya kuhamasisha watu juu ya chanjo, kipindupindu au kurudi shule. Na kamera ikifika katika eneo la Kabambare, jambo la kwanza inalotafuta ni mtoto: wa kwenye machimbo ya dhahabu, aliyekimbia vita, au aliyetoka katika kundi la silaha. Anayesimama juani wakati mwenye kamera anapanga vyombo vyake ni mtoto huyohuyo.

Mwana wa Nairobi mwenye kimo cha mtoto

Mmoja wa watu wanaojulikana zaidi duniani katika kazi za namna hii alizaliwa Afrika ya Mashariki. Kiran Shah alizaliwa Nairobi mwaka 1956, katika jamii ya Wakenya wenye asili ya Kihindi. Alihamia India akiwa bado mdogo, kisha Uingereza, na huko akaanza kazi ya sinema katika miaka ya 1970. Guinness, wanaoandika rekodi za dunia, walimpima tarehe 20 Oktoba 2003 wakapata sentimita 126.3. Walimwandika kuwa mfupi kuliko wote kati ya wanaofanya michezo ya hatari kwenye sinema kama kazi ya kudumu.

Sentimita 126 ni kimo cha mtoto wa miaka 7 au 8. Kimo hicho ndicho kilichomlisha. Katika Superman ya 1978 alitumiwa kuruka badala ya Christopher Reeve katika picha za mbali, kwa sababu mwili mdogo ukiwekwa karibu unaonekana kama mwili mkubwa ulio mbali. Katika The Lord of the Rings alisimama badala ya Elijah Wood, aliyecheza Frodo. Elijah Wood hakuwa mtoto, lakini Frodo ni mtu wa kabila la watu wafupi, na kila alipotakiwa kuonekana mdogo kando ya mtu mrefu, mgongo mliouona ulikuwa mara nyingi wa Shah. Katika filme ya kwanza ya Narnia, mwaka 2005, alipata sura yake mwenyewe: ndiye Ginarrbrik, mtumishi wa malkia mwovu wa theluji.

Na kwenye televisheni alifanya kazi ambayo kwa makala hii inafaa kuliko zote. Katika kipindi cha Doctor Who cha mwaka 2014 kiitwacho Listen, kuna umbo lililojifunika blanketi, limekaa juu ya kitanda cha mtoto usiku. Mtazamaji hajui kama ni mtoto mwenzake anayemtania au ni kitu kingine. Aliyekuwa chini ya blanketi ni Kiran Shah, mwenye miaka karibu 58.

Hapa inabidi kutenganisha mambo, maana watu wanayachanganya. Shah hasa ni mbadala, yaani yule anayeonekana: mgongo wake, miguu yake, umbo lake kwa mbali, au mwili wake pale mhusika anapoanguka kwenye ngazi. Mshika nafasi haonekani kabisa. Lakini kwa upande wa mtoto wote wawili wana faida moja. Bega la mtu wa kimo hiki liko palepale bega la mtoto litakapokuwa, na saa zake za kazi ni saa za mtu mzima. Anaweza kukaa mpaka saa tano za usiku. Anaweza pia kusema hapana.

Kuna jambo la ufundi ambalo wenye kamera wanaokuja huku wangelishika mapema. Mshika nafasi mzuri hafanani na mtoto kwa kimo tu, anafanana naye pia kwa rangi ya ngozi, na anavaa nguo ya rangi ileile. Taa iliyopimwa juu ya uso mweupe inafanya uso mweusi uonekane kama kivuli chenye meno. Timu ngapi kutoka ng'ambo zimempima msaidizi wao mwenyewe, zikaridhika, kisha zikamwingiza mtoto wetu na kuanza kupanga taa upya huku amesimama?

Saa za mtoto zina hesabu

Watu wasidhani kwamba wenye studio za Marekani walimtafuta mshika nafasi kwa upole wa moyo. Sheria ndiyo iliyowabana. Katika jimbo la California, ambako Hollywood iko, mtoto mchanga wa siku 15 hadi miezi 6 anaruhusiwa kufanya kazi dakika 20 tu kwa siku, na mwanga mkali haumulikwi juu yake zaidi ya sekunde 30 kwa mara moja. Wa miezi 6 hadi miaka 2 anafanya saa 2. Wa miaka 2 hadi 6, saa 3. Wa miaka 6 hadi 9, saa 4, na siku za masomo anaongezewa saa 3 za darasa na saa 1 ya kupumzika, akiwa hapohapo kazini na mwalimu wake. Wa miaka 9 hadi 16, saa 5.

Fanya hesabu kama mwenye kulipa. Una mtoto wa miaka 5 na saa 3 zake. Ukizimaliza kupanga taa, saa ya kucheza imekwisha na siku yako imepotea. Afadhali kumlipa mtu mzima asimame, ili zile saa 3 ziende zote kwenye mchezo. Ndiyo maana kazi hii ipo na ina malipo.

Kwa watoto wadogo sana, televisheni ilipata dawa nyingine: mapasa. Katika mchezo wa familia uitwao Full House, ulioonyeshwa Marekani toka 1987 hadi 1995, mtoto Michelle aliyependwa na wote alichezwa na mapasa wawili, Mary-Kate na Ashley Olsen. Walikuwa bado wachanga kazi ilipoanza. Saa za mmoja zikiisha, au akilia, au akisinzia, mwenzake anaingia. Mama wa mapasa wa huku atacheka kusikia kwamba kuna mahali ambapo kuzaa wawili ni nafasi ya kazi.

Upande wa fedha nao ulihitaji mtoto mmoja aumie ili sheria itungwe. Jackie Coogan alicheza na Charlie Chaplin katika The Kid ya mwaka 1921, akawa tajiri kabla hajabalehe. Alipofikia utu uzima alikuta mamilioni ya dola aliyoyafanyia kazi yameliwa na mama yake na baba wa kambo. Aliwashtaki mwaka 1938, akapata sehemu ndogo tu. Mwaka 1939 California ikatoa sheria inayobeba jina lake mpaka leo, na kwa sasa asilimia 15 ya malipo ya mtoto inafungiwa kwenye akaunti ambayo mzazi haigusi.

Usiku ambao sheria ilikwepwa

Tarehe 23 Julai 1982, karibu saa nane na nusu za usiku, wenye kutengeneza filme ya Twilight Zone walikuwa wanapiga onyesho la vita mahali paitwapo Indian Dunes, California. Mwigizaji Vic Morrow alitakiwa kuvuka mto mdogo akiwa amebeba watoto wawili kwapani, na helikopta ikiwafuata juu. Baruti zililipuka karibu na helikopta, ikaanguka. Morrow alikufa pamoja na watoto hao, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa miaka 7.

Watoto wale hawakuwa na ruhusa ya kazi. Walilipwa kwa mkono, kwa siri, kwa sababu ofisi ya kazi isingekubali watoto wawe pale usiku ule, kando ya baruti. Mwongozaji John Landis na wenzake 4 walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na mwaka 1987 mahakama iliwaachilia wote. Utaratibu wa kazi ulikuwa umekwisha sema tangu mwanzo kwamba mahali kama pale panasimama mtu mzima mfupi aliyefundishwa, au sanamu ya nguo. Onyesho lilikuwa la usiku, la mbali kidogo, lenye moshi. Nani angejua?

Ukiondoa mshika nafasi na mbadala, saa na hatari havipotei. Vinahamia kwa mwili mwingine, na wakati mwingine mwili huo nao unavunjika. David Holmes, kijana Mwingereza aliyelelewa katika mazoezi ya viungo, alikuwa mbadala wa Daniel Radcliffe tangu filme ya kwanza ya Harry Potter. Alipaa juu ya fagio na kuanguka badala ya mtoto ambaye dunia nzima ilimjua. Januari 2009, katika majaribio ya onyesho moja, alivutwa kwa kamba akagonga ukuta, shingo ikavunjika. Toka siku ile anatumia kiti cha magurudumu. Lakini Holmes alikuwa mtu mzima, alijua kazi yake, na alikuwa amekubali kwa mdomo wake mwenyewe. Tofauti ya kesi hizi mbili iko hapo.

Kuna kosa jingine, dogo kuliko la Indian Dunes lakini la karibu zaidi na sisi. Katika miaka ya 1930 Shirley Temple, msichana maarufu kuliko wote wa sinema ya wakati ule, alikuwa na mshika nafasi. Mshika nafasi huyo alikuwa msichana mwenzake wa rika lake. Mtoto mmoja alipumzika kwa sababu mtoto mwingine, asiyejulikana, alisimama chini ya taa. Tukiiga mambo ya filme bila kufikiri, hapo ndipo tutakapoanguka. Watoto wanaozunguka kamera ni wengi, hawana gharama, na kila mmoja anataka kuitwa. Ni rahisi sana kusema: wewe kijana, njoo usimame hapa kidogo.

Mtoto wa Kongo kwenye filme

Kongo imekwisha kutoa mtoto wa sinema aliyejulikana dunia nzima. Rachel Mwanza, msichana aliyekuwa ameishi barabarani Kinshasa, alichaguliwa na mwongozaji wa Kanada Kim Nguyen kucheza Komona, msichana anayetekwa na waasi na kulazimishwa kushika bunduki, katika filme iitwayo Rebelle. Februari 2012 alipewa tuzo ya Dubu wa Fedha kama mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Berlin, na mwaka uliofuata filme ile ilikuwa kati ya 5 zilizoshindania Oscar ya filme za lugha za kigeni. Sisi wa mashariki tuliona kitu ambacho Wazungu wa Berlin hawakukiona sawasawa: kwao ulikuwa mchezo, na kwetu kuna nyumba ambamo Komona ni jina la dada wa kweli.

Katika filme kama ile mshika nafasi anafika mpaka mahali fulani tu. Anaweza kusimama kwa ajili ya taa. Mbadala anaweza kukimbia katika maji na kuanguka. Lakini mtoto akitakiwa kulia juu ya mzazi aliyeuawa, hakuna mtu wa kumlilia. Kwa hiyo saa zilizookolewa pale kwenye taa hazikuwa za kumfaidi mwenye filme peke yake. Zinamfikisha mtoto kwenye onyesho gumu akiwa bado na nguvu, na zinampa muda wa kutoka ndani yake, wa kunywa maji, wa kuambiwa na mtu anayemwamini kwamba umekwisha.

Sasa mfikirie mtoto wa Kabambare ambaye hachezi. Eneo hili liko mashariki ya Kasongo, kuelekea Tanganyika na Kivu ya Kusini. Ni eneo la dhahabu. Mgodi mkubwa wa Namoya, karibu na Salamabila, ulianza kutoa dhahabu kibiashara mwaka 2016 chini ya kampuni ya Kanada iitwayo Banro, ukasimama 2019 kwa sababu ya usalama. Kandokando yake wako wachimbaji wa mikono, na kati yao wapo watoto wanaoponda mawe, wanaosafisha mchanga, wanaobeba maji. Makundi ya silaha, kati yao Mai-Mai Malaika, yamekaa katika eneo hilo miaka mingi. Kwa hiyo mwandishi akifika Salamabila, habari yake anaijua kabla hajashuka kwenye pikipiki. Anachokosa ni uso.

Na anayetoa uso huo ni mtoto. Anaambiwa aingie tena kwenye shimo kwa sababu mara ya kwanza kamera ilikuwa bado. Anyanyue nyundo tena, polepole. Arudie maneno yake, maana upepo uliingia kwenye kipaza sauti. Ukihesabu, ripoti ya dakika 3 imemrudisha kwenye kazi ambayo ripoti hiyo inailaani, na mara hii anayemwamuru ni yule aliyekuja kumtetea.

Miongozo ya UNICEF kwa waandishi wa habari inakataza jambo hilo waziwazi: mtoto asiombwe kueleza habari au kufanya tendo ambalo si sehemu ya maisha yake mwenyewe. Inataka pia jina libadilishwe na sura ifichwe kwa mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kijinsia, na kwa yule aliyekuwa mpiganaji akionyeshwa ameshika silaha. Sheria yetu nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hata kama amekwisha kuwa na mtoto wake. Na mkataba nambari 138 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kongo iliuidhinisha mwaka 2001, unakubali mtoto ashiriki katika michezo ya sanaa kwa ruhusa ya serikali inayotolewa kwa kila mtoto peke yake, ruhusa inayoandika saa zake na hali ya kazi yake. Karatasi zipo. Ofisi ya kazi yenye kusimama kando ya kamera na saa mkononi ndiyo isiyofika Salamabila.

Bidoni juu ya kiti

Kwa hiyo tuache karatasi, tuseme kazi. Kundi la vijana wa Kasongo linataka kutengeneza mchezo wa dakika 10 juu ya msichana anayeacha shule kwenda kuuza machimboni. Msichana wa miaka 11 atacheza. Wana kamera moja, taa mbili za betri, na jenereta ya kukodi. Mafuta yanahesabiwa kwa lita, na kila mtu anajua lita imebaki ngapi. Saa za msichana hazihesabiwi na mtu. Ndiyo maana yeye ndiye anayesubiri: ameitwa saa moja asubuhi, anapigwa picha saa saba mchana, na katikati amekaa juu ya jiwe akiwa amevaa nguo za mchezo, haruhusiwi kucheza asije akazichafua.

Kundi hilo halihitaji fedha za California. Linahitaji kugeuza utaratibu. Kimo cha msichana kinapimwa mara moja, siku moja mbele, na kuwekwa alama kwa chaki kwenye ukuta. Asubuhi ya kazi anasimama mtu mzima wa kimo hicho, akipatikana, naye alipwe kama wengine. Kazi hii ni ya ufundi, na mtu mfupi aliyezoea kuchekwa barabarani ana haki ya kuifanya kwa heshima na kwa bei. Asipopatikana, dada mtu mzima anakaa juu ya kiti kifupi mpaka macho yake yafike kwenye ile alama. Na kama watu wote wana kazi, kuna bidoni la njano juu ya kiti, na juu ya bidoni sweta la rangi ya sare ya msichana. Bidoni halipumui, lakini linatosha kupanga kamera na kujua kivuli kinaangukia wapi. Kwa rangi ya ngozi mtu anasogea dakika 1 mwishoni, kipimo kinachukuliwa, basi.

Mbadala naye ana nafasi yake hapa, hasa kwenye picha za habari. Mwandishi akihitaji mikono inayosafisha mchanga, mikono ya mama wa miaka 30 inatosha, na anasema wazi kwamba ni ya mtu mzima. Akihitaji umbo la mtu linaloondoka kwenye njia ya msitu, mtu mzima mfupi anaweza kuondoka, na maneno chini ya picha yaseme kwamba si mtoto mwenyewe. Usiposema, umedanganya. Ukisema, hakuna msomaji atakayekulaumu, na yule mtoto hatatambuliwa na kamanda wake wa zamani kwa namna anavyotembea.

Nyuso zinafichwa, lakini watu wanasahau sauti. Kasongo ni mji wa redio. Sauti ya Mkaaji na redio nyingine za jamii zinafika mahali ambapo televisheni haijaonekana, na kwenye mchezo wa redio kazi ya kushika nafasi ya mtoto ni rahisi kuliko zote: mwanamke mtu mzima anaweza kutoa sauti ya mvulana na wasikilizaji wakaamini. Marekani, Bart wa katuni za The Simpsons, mvulana mtundu wa miaka 10, anasemwa na Nancy Cartwright, mama aliyezaliwa 1957. Amekuwa na miaka 10 toka miaka ya 1980. Mtoto wa kweli angevunja sauti zamani. Ushuhuda wa mtoto aliyetoka porini unaweza kusomwa vilevile na mwigizaji mtu mzima, neno kwa neno, na msikilizaji akaambiwa mwanzoni kwamba anayesoma si mwenyewe.

Wazazi nao wana swali lao la kuuliza, na halihitaji kusoma Kifaransa. Mtu akija na kamera kumwomba mtoto, akaahidi sabuni au biskuti au franka kidogo, kabla ya kuuliza bei aulizwe: mtamwita saa ngapi, mtamwachilia saa ngapi, na kabla ya hapo nani atasimama mahali pake? Toka Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure. Siku ya darasa inayopotea kwa ajili ya kamera haina tena kisingizio cha minerval.

Turudi kwa lile kundi la vijana. Taa zimepangwa, bidoni limeondolewa, dada amesimama dakika yake 1 na kipimo kimechukuliwa. Saa ni tisa kasoro, na msichana ametoka shule, amekula. Anaitwa. Anafika na sare yake, anaonyeshwa utepe chini, anasema maneno yake mara 3. Ya tatu ndiyo nzuri. Mama yake, aliyekuwa ameshika daftari lake mlangoni, anamrudishia, na wote wawili wanaenda zao kabla mwenye jenereta hajaizima.